Kasha la Tatu Liende Wapi

Mwenzangu, mie si mtu wa michezo ya simu. Simu yangu ni ya vibonyezo, ya kupigia na kupokelea, basi. Lakini Jumapili iliyopita binti yangu alikuja kunitazama hapa Bongwe, akaja na wenzake wawili anaofanya nao kazi kwenye chumba cha kufulia cha hoteli moja huko Diani. Nikawakaangia viazi, nikawawekea na chatini ya ukwaju, nikangoja mazungumzo. Mazungumzo hayakuja. Wote watatu walikuwa wameziinamia simu, vidole vinasukuma, nyuso zimekunjana kama watu wanaotoana miba.

Nikauliza kuna nini. Wakanieleza kwamba kuna mchezo wa kupanga vitu kwa akili. Wa kwanza waliupenda mno, na sasa umetoka wa pili, na huo wa pili ndio uliowachoma.

"Mama, huu wametuharibia," akasema yule mrefu, mtoto wa bara. "Yaani mwanzoni ni wa watoto kabisa, unacheza ukisinzia. Halafu ghafla hatua moja inakukaba koo. Ni noma!"

"Mchezo hauna neno," mwenzake akambishia. "Nyinyi ndio wavivu. Mwataka kutafuniwa."

"Mvivu nani? Wewe si uko hapo hapo tangu Jumatano?"

Wakacheka. Wakanisomea na maneno ya wachezaji wengine, watu wasiowajua, wa nchi nyingine huko. Mmoja kaandika kwamba mchezo wa kwanza ulikuwa ukimshika mtu mkono na kumpandisha pole pole, huu wa pili unamwacha alale njiani kisha unamsukuma shimoni. Mwingine kaandika kwamba wanaolalamika wakaruke kamba. Mwingine kasema ukikwama unaletewa matangazo ya biashara uyatazame kwanza, ndipo upewe dokezo, na dokezo lenyewe halina maana.

Binti yangu hakucheka nao. Akaiweka simu juu ya meza, akasema kwa sauti ndogo, "Labda ni mimi tu. Kichwa changu hakifiki huko."

Ndipo damu iliponipanda. Nilimwambia asirudie maneno hayo ndani ya nyumba yangu, na nilimwambia kwa ukali hata wale wenzake wakaacha kutafuna viazi. Walidhani nimekasirikia simu. Nikawaambia kaeni vizuri, niwasimulie. Nawe mwenzangu unayesoma, kaa nawe. Niliishia darasa la sita, kwa hivyo ukiona maneno yamekaa upande usinicheke, maana ninayokusimulia hapa ndiyo yaliyonikomesha hapo.

Nililelewa na bibi yangu mzaa mama, huko Kinondo. Bibi alikuwa msuka mikeka. Nyumba yetu ilinuka miyaa mibichi iliyolowekwa, na asubuhi tulikula muhogo wa kuchemsha na chai ya mchaichai, mchana sima na mboga chungu ya mtsunga iliyotiwa tui. Kazi yangu ilikuwa kufagia uwanja, kupasua miyaa, kuteka maji. Nikimaliza hayo, nilikuwa mali ya banda.

Banda lenyewe lilikuwa nyuma ya mashine ya kusaga mahindi. Mwenye banda alikuwa amefanya kazi hotelini, akarudi na televisheni yenye kisogo kikubwa na kimashine cha michezo cha kuchomeka kaseti. Umeme aliuvuta kwenye jenereta ya mashine ya kusaga. Basi tulicheza pale mashine inaposaga tu, tuku-tuku-tuku, unga unatuingia puani, dizeli inanuka, na picha inatetemeka hata ukingo wa juu wa kioo hauonekani sawasawa. Hakutaka pesa kwa watoto. Mke wake alikuwa akiuza maji barafu na sharubati, na nyumba yake ilikuwa mbali na kisima. Ukitaka kucheza, ulete madumu mawili ya maji uyamimine kwenye pipa lake. Ukikwama mara tatu, unampisha mwenzako, unarudi kisimani. Ndiyo ilikuwa sheria, na hakuna aliyeinung'unikia, maana mchezo ulikuwa mzuri.

Tuliuita Makasha. Kuna kijitu ndani ya ghala, na makasha, na alama chini sakafuni. Kila kasha lazima lifikishwe juu ya alama. Kijitu kinaweza kusukuma, hakiwezi kuvuta. Hayo tu. Ukilipeleka kasha kwenye kona, limekwisha, hulitoi tena, unaanza upya. Na aliyeutengeneza ule wa kwanza, Mungu amlipe mema popote alipo, alikuwa mtu mwenye huruma. Hatua ya kwanza makasha mawili. Ya pili matatu. Ya tatu anakuonyesha kwamba ukuta ni adui. Ya nne anakuonyesha kwamba ukuta huo huo waweza kukusaidia. Kila ilipokuwa ngumu, ugumu wake ulikuwa umekwisha kufundishwa jana yake. Nilikuwa nikikwama nalala nikiifikiria, na kukipambazuka naijua. Utamu huo sijapata kuupata tena mahali popote, hata siku ya harusi yangu.

Niliumaliza ule wa kwanza wote, hatua ishirini, mimi mtoto wa kike wa miaka kumi na miwili, kabla ya wavulana wa darasa la nane. Wavulana walinizomea wiki nzima. "Mchawi wewe! Bibiyo amekufunga hirizi ya kusukumia!" Lakini wakikwama walinifuata kisimani, wanibebee dumu, niwaambie.

Sasa ukaja wa pili. Mwenye banda aliutoa Mombasa, kaseti ya njano, akatutangazia kama anayemtangaza bwana arusi. Siku hiyo pipa lake lilifurika. Na sikiliza ulivyokuwa. Hatua ya kwanza hadi ya nane, kuku angemaliza. Hakuna kilichofundishwa, hakuna kilichoongezwa, tunasukuma tu na kupiga miayo. Wengine wakafurahi, wakasema wa pili ni mtamu, wamekuwa mabingwa kwa siku moja. Mimi sikupenda. Nikafika ya tisa, nikagota. Na kila mtu akagota.

Ungesikia kelele za banda lile! Kijana mmoja wa kukwea minazi akaapa kwamba kaseti ina jini. Fundi cherehani, mtu mzima na ndevu zake, alikuwa akikaa mpaka wateja wanakuja kumtafuta na vitambaa mikononi. "Nipisheni, leo naimaliza," kila siku. Wapo waliosema imetengenezwa kwa ajili ya Wazungu. Wapo waliosema hatua nane za mwanzo zilikuwa rahisi kusudi tubweteke. Mwalimu wetu wa hesabu naye alianza kuja Jumamosi, akaketi kwenye gunia kama sisi, akatoka jasho kama sisi, akaondoka bila kuaga. Na mwenye banda akawa anasimama mlangoni mikono kiunoni.

"Nyinyi akili zenu za pweza. Mimi mwenyewe nimeimaliza."

"Tuonyeshe basi, mzee!"

"Nikuonyeshe uje ujisifu? Teka maji, mwanangu, akili itakuja."

Tukateka. Shingo yangu ilichubuka kwa mzegazega, ule mti wa kubebea madumu begani. Pipa moja likawa mapipa matatu, maana hatua za mwanzo zilipokuwa rahisi tulifika ya tisa upesi, na tukifika tunakwama mara tatu, na tukikwama tunarudi kisimani. Utanielewa kwa nini nilipozisikia habari za matangazo ya simu niliona kama najisikia mimi.

Hayo peke yake ningeyasamehe. Maji ni maji. Lakini mwezi huo mjomba wangu alikuja kutoka Msambweni. Baba yangu alikuwa ameshafariki, na kwetu Wadigo mjomba ndiye mwenye neno juu ya watoto wa dada yake. Alikuja kumwambia bibi kwamba mwaka unaofuata hataki tena kunisomesha. Mtoto wa kike akijua kusoma barua, alisema, imetosha. Mke wake alikuwa na watoto wadogo, alihitaji mtu.

Bibi aliweka chini ukili wake, ule ususi mwembamba unaoshonwa kuwa mkeka. "Mtoto huyu ana kichwa," akamwambia. "Umewahi kusikia mchezo wa makasha? Aliumaliza kabla ya wavulana wote."

Mjomba alicheka mpaka akakohoa. "Kwa hivyo, mama, serikali itamwandika kazi ya kusukuma makasha?"

"Cheka. Kichwa ni kichwa."

"Haya. Si nasikia wa pili umewashinda wote? Aumalize huo. Akiumaliza kabla shule hazijafungwa, namsomesha mpaka achoke mwenyewe. Akishindwa, anakuja kwangu."

Na bibi akakubali. Ndilo kosa lake bibi, pekee ninalolijua, na alilifanya kwa kuniamini. Lakini hakukubali kipofu. Alimshika mjomba mkono wakaenda bandani, nami nyuma yao, akamwuliza mwenye banda mbele yetu: "Bwana, hatua hii ya tisa inamalizika?"

"Wallahi inamalizika, mama. Nimeimaliza kwa mkono huu."

Aliuinua mkono wenyewe. Naukumbuka, ulikuwa na saa ya rangi ya dhahabu.

Kwa wiki mbili sikucheza kibe cha kujificha na wenzangu wala sikula vizuri. Nilijaribu kila njia. Nilijaribu hata njia nilizozijua kuwa mbaya, nikidhani huenda ubaya wake ndio siri. Nikawa nalia nikiteka maji. Si kwamba niliogopa Msambweni. Nililia kwa kuwa nilikuwa nimeanza kuamini kwamba ule wa kwanza niliumaliza kwa bahati, na kwamba wavulana walisema kweli, na kwamba kichwa changu bibi alikisifu bure. Mtoto akishaambiwa na mtu mzima kwamba mlango uko hapo, na haoni mlango, hasemi hakuna mlango. Anasema mimi kipofu.

Bibi akaniambia nimwonyeshe. Hakuwahi kuutazama mchezo wenyewe, macho yake hayakuweza kioo. Nikamchorea ghala uani kwa kijiti, nikatumia vifuu kuwa makasha na kokwa za maembe kuwa alama. Akauliza kila kitu. Kijitu kinapita wapi? Hakivuti kabisa? Hakiruki? Kisha akafanya kama alivyokuwa akifanya ukili ukimharibikia. Ukili ukiharibika huanzi kuutazama mwanzo, unaufumua kutoka mwisho, mwaa mmoja mmoja, mpaka unafika palipokosewa. Akaniambia, "Weka vifuu vyote mahali vinapotakiwa kufika. Sasa turudi nyuma. Hiki kilitoka wapi?"

Tukarudi nyuma, kifuu kimoja baada ya kingine. Vya chini vyote vilipata njia. Tukafika ukuta wa juu. Ukuta huo ulikuwa umenyooka kutoka kona hadi kona, na makasha matatu yalikuwa yameuegemea tangu mwanzo wa hatua. Bibi akachukua kifuu kimoja akakibana kwenye ukuta wa nyumba yetu wa udongo.

"Ukitaka kukitoa hapa kije kwako, usimame wapi?"

"Nyuma yake, bibi."

"Nyuma yake kuna nini?"

"Ukuta."

"Basi hakitoki ukutani. Kitatambaa kando kando tu, siku zote. Na alama zilizo ukutani ni ngapi?"

Nilihesabu, ingawa nilikuwa najua. Mbili.

Akakitazama kile kifuu mkononi. "Sasa kasha la tatu liende wapi, mwanangu?"

Mwenzangu, nilisimama nikaruka. Nilifurahi! Nilidhani tumeshinda. Nilidhani ukijua kwamba kitu hakiwezekani, ukakionyesha hakiwezekani, basi watu watasema ahsante, tumeelewa, pole kwa maji. Bibi akavaa kanga zake za kutokea, akabeba vile vifuu ndani ya kikapu, tukaenda. Ilikuwa Jumamosi baada ya adhuhuri, mjomba alikuwepo, mwalimu wa hesabu alikuwepo, banda limejaa.

Bibi aliwasalimu wote, watoto wakamwamkia shikamoo, akaitika. Kisha akapanga vifuu sakafuni, kwenye unga, akaeleza polepole kama anavyomweleza mtoto ukili wake wa kwanza. Vijana wakasogea. Yule wa minazi akapiga paja, "Ala! Kweli! Hili halitoki!"

Mwenye banda akatazama upande wa jenereta. "Mama, hii ni elimu ya mashine. Si mikeka."

"Basi icheze," bibi akasema. "Umeapa umeimaliza. Icheze hapa tuone, nami nitakuomba radhi mbele ya watu."

"Mashine imepata moto sasa hivi. Si unaona?"

Mashine ilikuwa inasaga, tuku-tuku, haina neno. Watu wakaanza kucheka, na mwenzangu, hawakumcheka yeye. Walikicheka kikapu. Walimcheka kizee aliyeleta vifuu kuja kubishana na televisheni. Bibi akamgeukia mwalimu.

"Mwalimu, wewe umesoma. Makasha matatu, alama mbili. Sema."

Mwalimu wa hesabu alivitazama vile vifuu. Nilikuwa nimesimama karibu naye, niliyaona macho yake yakihesabu, moja, mbili, tatu, na niliyaona yakielewa. Kisha akasema, "Ah, mashine ya watu hii, mama. Mimi sijui mambo yake." Akainuka, akajipangusa unga suruali, akatoka.

Mjomba akasema yaliyobaki ni maneno. Mwenye mali ameapa, mtoto ameshindwa, bibi anatafuta vijisababu. Shule zilipofungwa nilipanda gari la Msambweni na mfuko mmoja. Nilikaa kule miaka sita nikilea watoto wa mjomba, nikiwafungasha kwenda shule asubuhi na kuwapokea mchana. Niliwasaidia hesabu zao mpaka walipofika darasa la saba. Hapo wakawa wanafundishwa nisiyoyajua, wakaacha kuniuliza.

Kwa hivyo mimi wakosaji wangu nawataja. Mwenye banda aliyeapa uwongo kwa ajili ya mapipa ya maji. Mjomba aliyeutundika mwaka wangu wa shule kwenye kaseti. Na mwalimu wa hesabu, huyo namweka wa kwanza, maana wale wawili wangeweza kusema hawakujua hesabu.

Usidhani nalalamikia ugumu. Huwa nawasikia wanaosema watu wa siku hizi hawapendi kuumiza kichwa. Mimi niliupenda ugumu kuliko wali wa nazi. Hiyo ya simu ya binti yangu sijui kama inamalizika au haimaliziki, na wenye kuitengeneza siwajui. Ninalolijua ni kwamba aliyekukwamisha akishapata faida kwa kukwama kwako, neno lake kwamba kosa ni lako usilipokee. Liweke nje kwanza, kama kiatu chenye tope.

Jumanne nilipanda tuktuk nikaenda Ukunda. Mwenye banda angali hai. Amezeeka, hukaa kibarazani mbele ya duka la mwanawe la misumari na rangi, kikombe cha kahawa mkononi. Nimempita mara nyingi miaka yote hii, nikimpa shikamoo yake na kuendelea na safari. Safari hii nilisimama.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo? Wa nyumbani hawajambo?"

Nikamwambia mimi ni mjukuu wa msuka mikeka wa Kinondo, niliyekuwa nikicheza makasha. Wallahi uso wake ulichanua! Akanisogezea kigoda. Akaanza kulihadithia banda kama mtu anayehadithia pepo: kelele za watoto, harufu ya unga mbichi, mkewe marehemu na sharubati yake, sisi tulivyokuwa tukigombania gunia la mbele. "Siku hizo watoto walikuwa watoto," akasema. "Leo kila mmoja na kisimu chake pembeni. Banda limekwenda, kisima kimezibwa wamejenga nyumba ya Mtaliano juu yake, mashine nimeiuza chuma chakavu." Akafuta jicho. Na mimi, Mungu anisamehe, jicho langu nalo lilitaka kulowa, maana kila alichokitaja nilikipenda.

Nikamwuliza, "Na ile ya tisa, mzee. Uliimaliza kweli?"

Akacheka, cheko la watu wanaojuana. "Aimalize nani? Ile kaseti ilikuwa mbovu. Nilirudi nayo Mombasa wiki ile ile, wakaniambia zote za mchezo huo ziko hivyo, wanipe ya mchezo mwingine. Nikaona, ya nini? Watu wanakuja. Hata hivyo, nani hakujua? Kila mtu alijua."

"Mimi sikujua," nikamwambia. "Nilikuwa na miaka kumi na miwili."

Akanitazama. Sidhani alikumbuka siku ya vifuu. Sidhani hata mkono ule alioapia aliukumbuka. Kwake ulikuwa mchezo, na mimi nilikuwa kelele mojawapo katika kelele tamu za ujanani mwake.

Nikamwomba jambo moja. Mwanawe alikuwa ndani akimpimia mtu rangi, na wateja wawili watatu wamesimama. Nikamwambia, "Mzee, lirudie hilo neno, lakini kwa sauti. Waite na hao wasikie."

Alidhani namtania. Aliponiona sitanii akatazama chini, akakizungusha kikombe, kisha akasema, kwa sauti iliyofika kaunta: "Ile ya tisa haikuwa na njia."

Mwanawe akatoa kichwa dirishani, akauliza, "Nini, baba?"

"Hakuna," mzee akasema. "Mambo ya zamani."

Nikaaga kwa heshima, nikavuka barabara. Maneno hayo alistahili kuyasikia bibi yangu, bandani, mbele ya watu, siku ile aliyokuwa amevaa kanga zake za kutokea.